James Sumner: Mtu wa Mkono Mmoja na Maharagwe Yake

Naandika kutoka Mbaraki, upande ule wa kisiwa chetu wenye mnara wa kale wa mawe ya matumbawe na gati la meli karibu yake. Mhariri wetu aliwaomba wanachama wa Chama cha Kiswahili waandike maisha ya mtu mashuhuri aliyekwisha kufariki zamani. Wenzangu wengi wamewachagua washairi na wapigania uhuru. Mimi nimemchagua mkemia wa Kimarekani. Usicheke kwanza! Nina sababu yangu, na nitaitoa wazi bila kuficha.

Wanaonifahamu wanajua kwamba mkono wangu wa kushoto ni dhaifu tangu utotoni. Kushika kikombe naweza, lakini si kwa muda mrefu, na kitu chembamba huniponyoka. Ulipofika wakati wa kuchagua masomo, mtu mzima mmoja, ambaye jina lake nalihifadhi, aliniita kando akanishauri niiache Kemia. Alinieleza kwa upole kabisa kwamba kazi ya maabara inataka mikono miwili, mmoja kwenye bomba la biureti na mwingine wa kutikisa chupa. Hakuwa na nia mbaya, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Mtu akikutukana unaweza kumkasirikia, lakini anayekuhurumia utamwambia nini?

Kesho yake nilimwendea mwalimu wetu wa Kemia nikamweleza kisa chote. Nilitarajia pole, lakini sikupewa. Badala yake alivuta kiti, akanisimulia habari za James Batcheller Sumner. Baadaye nilizitafuta habari hizo mwenyewe nikazisoma, na leo nakuletea nawe.

Sumner alizaliwa tarehe 19 Novemba 1887 katika mji wa Canton, jimbo la Massachusetts, Marekani. Alikulia katika jamaa yenye uwezo, na katika ujana wake alipenda sana kuwinda. Alipokuwa na umri wa miaka 17 alitoka na mwenzake kwenda kuwinda ndege. Bunduki ya mwenzake ikafyatuka kwa bahati mbaya, risasi ikampiga Sumner mkono wa kushoto, nao ukakatwa chini kidogo ya kiwiko. Na kumbe Sumner alikuwa mtu wa shoto! Mkono aliopoteza ndio aliokuwa akiandikia na kufanyia kila kitu. Ilimbidi aanze upya kama mtoto mdogo, akaufundisha mkono wa kulia kazi zote za mkono wa kushoto. Wala hakuishia kwenye kalamu. Alicheza tenisi, akateleza kwenye theluji, akaendelea hata kulenga shabaha kwa bunduki. Miaka ya baadaye alishinda tuzo ya klabu ya tenisi ya walimu wa chuo kikuu alikofundisha, akiwashinda watu wenye mikono yao miwili.

Aliingia Chuo Kikuu cha Harvard mwaka wa 1906 akamaliza shahada ya Kemia mwaka wa 1910. Alifanya kazi kwa muda mfupi katika kiwanda cha nguo cha mjomba wake, akafundisha kidogo huku na kule, kisha mwaka wa 1912 akarudi Harvard kusomea kemia ya viumbe hai. Mtaalamu aliyemwendea ni Otto Folin, bingwa wa kupima vitu vilivyomo katika damu na mkojo. Folin alipomwona alimshauri akasomee sheria, kwa maana aliona kwamba mtu wa mkono mmoja hawezi kufaulu katika kemia. Nilipofika hapa katika kusoma nilikifunga kitabu kidogo, nikacheka peke yangu. Ushauri ule ule! Sumner hakugombana naye. Alibaki palepale, akafanya kazi, na mwaka wa 1914 akapata shahada ya udaktari chini ya Folin huyo huyo. Mwaka huohuo aliajiriwa na Chuo Kikuu cha Cornell, mjini Ithaca, jimbo la New York. Alikaa huko maisha yake yote.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Tafadhali usifunge ukurasa, nitajaribu kutokuchosha.

Ndani ya kila kiumbe mna vitu viitwavyo vimeng'enya. Hivi huharakisha kazi za mwili: kusaga chakula, kujenga, kubomoa. Siku hizo kila mtaalamu alijua kwamba vimeng'enya vipo, lakini hakuna aliyejua ni vitu gani hasa. Ni protini? Ni sukari? Ni kitu kingine kisicho na jina? Hakuna aliyewahi kukishika kimeng'enya kikiwa safi, peke yake, bila kuchanganyika na kitu kingine. Mwaka wa 1917 Sumner aliamua kwamba yeye atakishika.

Alikichagua kimeng'enya kiitwacho yurezi. Kazi ya yurezi ni kuvunja yurea, ile iliyomo katika mkojo, na kutoa amonia. Ukipita karibu na zizi la mbuzi pua ikakuwasha, basi ujue vijidudu vya humo vina yurezi na viko kazini. Yurea hiyo ndiyo pia mbolea nyeupe ya chengachenga inayopakuliwa bandarini kwetu ikapelekwa bara. Sumner aliipata yurezi yake katika aina ya maharagwe makubwa meupe, ambayo wataalamu huyaita Canavalia ensiformis. Maharagwe hayo yana yurezi tele. Na wewe msomaji ukienda pwani ukaona mmea unaotambaa mchangani wenye maua ya zambarau na maganda manene, huenda umemkanyaga ndugu yake, kwa kuwa wa jamii hiyo wapo pia kwenye fuo zetu.

Lakini hapa pana swali gumu. Kimeng'enya hakionekani kwa macho, hakina rangi na hakina umbo unaloweza kulitambua. Utajuaje kwamba kimo katika chupa hii na hakimo katika ile? Utajuaje kwamba leo unacho kisafi zaidi kuliko jana?

Jibu nililielewa kupitia nyanyangu, ambaye huuza mahamri na mbaazi asubuhi. Akiletewa hamira mpya asiyoiamini, hachukui neno la muuza duka. Hutwaa mabakuli mawili. Katika kila moja hutia unga kipimo kimoja, maji ya vuguvugu yaleyale na sukari ileile. Moja hulitia hamira ya zamani, jingine hamira mpya kwa kiasi kilekile, kisha huyafunika na kungoja muda mmoja. Baadaye hufunua akatazama ni unga upi uliofura zaidi. Hajawahi kukiona kile kinachofurisha unga, na wala hana haja ya kukiona. Anaipima hamira kwa kazi yake.

Sumner naye alifanya vivyo hivyo, ila kwa ukali zaidi. Alitengeneza maji yenye yurea, akayatia chumvi za fosfeti ili hali ya asidi isibadilikebadilike. Joto lilikuwa nyuzi 20 za Selsiasi, halipandi wala halishuki, kwani kimeng'enya kikipata joto zaidi huongeza kasi na kipimo kikawa cha uongo. Kisha alitia kiasi kidogo cha ile dawa yake ya maharagwe na kuacha dakika 5, si 4 wala 6. Muda ukifika alipima amonia iliyotoka, kwa kemikali inayogeuka rangi ya manjano ikikutana nayo. Amonia ikizidi rangi hukolea, kisha rangi hiyo hulinganishwa na nyingine ambayo amonia yake inajulikana. Kiasi cha yurezi kinachotoa miligramu 1 ya nitrojeni ya amonia kwa dakika 5 katika hali hiyo kikawa kipimo kimoja. Mpaka leo wataalamu hukiita kipimo cha Sumner.

Baada ya hapo akawa na maswali mawili kila siku. La kwanza, nina vipimo vingapi kwa jumla? La pili, nina vipimo vingapi katika kila gramu moja? Swali la pili ndilo lenye siri ya usafi. Ukiondoa takataka na yurezi ikabaki, vipimo kwa kila gramu hupanda. Ukiipoteza yurezi pamoja na takataka, umefanya kazi bure. Ni kama tui la nazi. Ukilitia maji bakuli hujaa, lakini mpishi hadanganyiki kwa wingi. Huonja akajua kama ni tui zito au ni maji yaliyopakwa rangi.

Usidhani ilikuwa kazi ya siku mbili. Ilimchukua miaka tisa! Alikuwa na vipindi vingi vya kufundisha, fedha kidogo, vyombo haba na wasaidizi wachache. Maabara yake haikuwa hata na sanduku la barafu. Ili apooze chupa zake alizitandika kwenye kingo za madirisha usiku na kuomba baridi ije. Hebu fikiria, sisi Mombasa tungefanyaje? Mwaka wa 1921 alipata msaada wa kwenda Brussels, Ubelgiji, kufanya kazi na mtaalamu mmoja mkubwa wa vimeng'enya, Jean Effront. Mpango ukavunjika, kwa sababu Effront aliiona fikira ya kuitenga yurezi kuwa ni mzaha. Sumner akarudi kwa maharagwe yake. Bandu bandu huisha gogo.

Mwanzoni alitumia maji, kisha pombe iliyochanganywa na maji. Mwishowe akajaribu asetoni, ile wengine wanayoijua kwa kufutia rangi ya kucha. Alichukua unga wa maharagwe, akauchanganya na maji yenye asetoni kiasi cha asilimia 30 hivi, akauchuja, na kile kilichochujika akakiacha katika baridi mpaka asubuhi. Tarehe 29 Aprili 1926 alitia tone moja chini ya hadubini. Aliona fuwele! Vipande vidogo visivyo na rangi, vyenye pande nane, vimenyooka kama vilivyochongwa na fundi. Upana wa kila kimoja ulikuwa kama sehemu 4 au 5 za milimita iliyogawanywa mara 1,000.

Lakini fuwele ni umbo tu. Chumvi nayo ina fuwele, sukari pia. Basi Sumner hakuanza kwa kushangilia umbo. Alizitenga zile fuwele, akaziyeyusha katika maji, akapima. Majaribio ya protini yakakubali: ni protini. Majaribio ya yurezi nayo yakakubali, tena kwa nguvu ambayo hakuwahi kuiona. Ndipo alipompigia mkewe simu kumweleza kwamba amepata fuwele za kimeng'enya, za kwanza duniani.

Nguvu yenyewe ilikuwa kiasi gani? Chukua kalamu tuhesabu pamoja. Sumner aliandika kwamba gramu 1 ya fuwele hizo iliweza kutoa mpaka miligramu 100,000 za nitrojeni ya amonia kwa dakika 5. Hizo ni gramu 100. Katika yurea, kila gramu 60 zina nitrojeni gramu 28. Kwa hiyo gramu 100 za nitrojeni zimetoka katika yurea kama gramu 214. Dakika 5 ni sekunde 300. Gawanya 300 kwa 214 utapata 1.4. Yaani kila sekunde moja na nukta nne, fuwele hizo huvunja yurea yenye uzito sawa na wao. Si mchezo! Nilipoipata hesabu hii mwenyewe na kuikuta sawa na aliyoiandika yeye, nilihisi kama tumekaa dawati moja.

Ungedhani dunia ilimshangilia. La hasha. Mkuu wa fani hiyo wakati ule alikuwa Richard Willstätter wa Ujerumani, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka wa 1915 kwa utafiti wa rangi za mimea. Yeye na wanafunzi wake walishikilia kwamba vimeng'enya si protini. Kwa maoni yao, protini ya Sumner ilikuwa mchukuzi tu, na kimeng'enya chenyewe kilikuwa kitu kingine kidogo kilichojishikiza juu yake.

Wala hawakusema bure, nao walikuwa wamepima. Walisafisha vimeng'enya vyao mpaka majaribio ya protini yakanyamaza kimya, ilhali kazi bado inaonekana. Wakakata shauri kwamba hakuna protini humo. Kosa lao lilikuwa wapi? Fikiria pilipili katika sufuria ya mchuzi. Ukichungulia huioni, lakini ulimi unaijua. Kimeng'enya kina nguvu nyingi mno, hata kikiwa kidogo sana kazi yake hupimika. Majaribio ya protini ya siku hizo hayakuwa makali kiasi hicho. Jicho lilikosa kuona kile ambacho ulimi ulikuwa umekwisha kuonja.

Sumner alijibu kwa kupima tena. Waliendelea kubishana miaka mingi. Mwaka wa 1930 John Northrop, Mmarekani mwenzake, alitangaza kwamba amepata fuwele za pepsini, kimeng'enya cha tumboni. Aliziyeyusha na kuzifanya fuwele tena, mara baada ya mara, na kila mara nguvu kwa kila gramu ilibaki ileile. Kama kimeng'enya kingekuwa abiria tu juu ya protini, kwa nini hakuteremka hata mara moja njiani? Vimeng'enya vingine vikafuata. Mwaka wa 1937 Sumner mwenyewe, pamoja na Alexander Dounce, alipata fuwele za katalezi kutoka ini la ng'ombe. Hiyo ndiyo inayotoa povu tunapotia kipande cha ini katika haidrojeni peroksaidi kwenye somo la Biolojia.

Mwaka wa 1946 Sumner alipewa nusu ya Tuzo ya Nobel ya Kemia. Nusu ya pili waligawana Northrop na Wendell Stanley, aliyekuwa amepata fuwele za kirusi cha ugonjwa wa tumbaku. Ilikuwa miaka 20 tangu asubuhi ile ya hadubini, na zaidi ya 30 tangu aambiwe akasomee sheria. Aliendelea na kazi Cornell mpaka mwisho. Alikuwa akijiandaa kustaafu na kwenda Brazil kusaidia kuanzisha maabara ya vimeng'enya, saratani ikamwahi. Alifariki tarehe 12 Agosti 1955 mjini Buffalo.

Je, alijua yote? Hapana. Mwaka wa 1975, miaka 20 baada ya kifo chake, watafiti wa Australia waligundua kwamba ndani ya yurezi mna madini ya nikeli, na bila hayo haifanyi kazi. Yalikuwamo tangu zile fuwele za kwanza naye hakuyaona. Hilo halimpunguzii heshima. Na yurezi inatumika mpaka leo. Hospitali nyingi zikipima yurea katika damu ya mgonjwa wa figo, huitumia kuivunja yurea hiyo, kisha hupima kinachotoka. Ni njia ileile ya kupima kwa kazi.

Sasa nirudi kwangu nimalize. Mimi na mwenzangu mmoja tuliomba ruhusa kwa mwalimu tufanye jaribio dogo. Maharagwe ya Sumner hatukuwa nayo, lakini mbegu za tikiti maji nazo zina yurezi, na tikiti Mombasa hazikosi. Tulizitwanga, tukatia maji, tukachuja kwa kitambaa. Tukayamimina maji hayo katika maji ya mbolea ya yurea na kutumbukiza karatasi nyekundu ya litmasi. Nilimimina mimi, yeye akashika saa. Karatasi ikageuka buluu, na harufu ya zizi la mbuzi ikajaa chumbani hata wenzetu wakafungua madirisha. Chupa ya pili tulitia maji ya mbegu yaliyochemshwa. Tulingoja na kungoja, karatasi ikabaki nyekundu, kwa maana moto umeiharibu protini na kazi yake imekwenda nayo. Ya tatu tuliizimua kwa maji, nayo ikageuka, lakini kwa kuchelewa. Hiyo ndiyo siku niliyoelewa kwamba nguvu ya kitu kisichoonekana inaweza kuandikwa kwa nambari.

Kuhusu biureti, nimepata njia. Chupa huiweka juu ya meza chini yake, nikatia matone machache kwa mkono wa kulia, nikafunga bomba, kisha mkono huohuo ukatikisa chupa. Nachelewa kuliko wenzangu. Lakini majibu yangu yakilinganishwa na ya wengine hayatofautiani, na mara mbili yamekuwa karibu zaidi na ya mwalimu. Kemia sikuiacha. Mtihani wa mwisho bado sijaufanya, kwa hiyo siwezi kujisifu hapa. Mkemba asifiwa akifika.

Yule aliyenishauri niache, tukikutana huniuliza kwa wema mkono unaendeleaje. Nami siku hizi humjibu kwa kumweleza alama nilizopata katika jaribio la mwisho, zikiwa nzuri na zikiwa mbaya.

Nawaomba walimu wetu na wanafunzi wenzangu jambo moja. Mkimwona mtu mkadhani hawezi, msikate shauri kwa kumtazama. Mpeni kazi ileile, muda uleule na vyombo vilevile, kisha pimeni.